Harusi ya bustanini: jiandae kwa saa ya kuondoka, si ya kufika tu

Dada ameuliza avae nini na abebe nini kwenye harusi ya bustanini inayoanza saa 9 alasiri na kwenda hadi usiku, akiwa na mama yake anayetembelea mkongojo. Mimi kwenye sherehe za ndugu na marafiki huwa napewa kazi ya kupokea wageni na kuwakalisha, kwa hiyo naandika ninayoyaona kila mara.

Cha kwanza ni ardhi. Watu huchagua nguo kwa kuangalia kadi, hawaulizi watakanyaga nini. Viatu vya mchuchumio vyenye kisigino chembamba huzama kwenye nyasi kila hatua, na nyasi zikiwa zimemwagiliwa asubuhi kisigino kinabaki ardhini mguu ukiwa umeshatoka. Vaa kisigino kipana au viatu bapa vya heshima. Gauni refu lipandishe kidogo, lisiburute kwenye umande jioni.

Jua la saa 9 bado ni kali, na mawingu hayazuii mionzi yote. Paka mafuta ya kujikinga na jua kabla ya kutoka nyumbani, yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, kisha rudia kila baada ya saa 2. Ukifika chagua kiti upande wa mashariki wa mti au hema, maana alasiri kivuli kinaelekea huko na kinazidi kurefuka. Waliokaa magharibi jua la jioni huwakuta usoni. Mwavuli ni mzuri, ila ukiufungua katikati ya safu wa nyuma hawaoni maharusi wakila kiapo. Kama utauhitaji, kaa pembeni kabisa.

Soda mimina kwenye glasi, usinywe kwenye kopo lililokaa wazi mezani. Nyigu huingia ndani kufuata sukari, na kuumwa mdomoni au kooni si jambo dogo.

Jua likizama mambo yanageuka. Baridi inashuka haraka anga ikiwa wazi, na mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Beba shali au koti jepesi, na dawa ya mbu ya kupaka. Hiyo hupakwa juu ya mafuta ya jua, si chini yake. Mvua ya kawaida hema linatosha. Ngurumo zikianza, hema si kinga hata kidogo: ingieni kwenye jengo au ndani ya gari, mkae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nawasihi hapa msione aibu kuonekana waoga.

Sasa mama. Piga simu siku kadhaa kabla, uulize gari linaweza kumshusha wapi na kutoka hapo hadi vitini ni umbali gani. Uliza pia vyoo. Vile vya kuhamishika mara nyingi vina kingazi cha kupanda mlangoni na nafasi finyu, kwa mwenye mkongojo ni shida. Kama kuna choo ndani ya jengo la karibu, omba atumie hicho. Kiti chake kikague mwenyewe: kikae palipo imara, kwa sababu kiti cha plastiki kwenye nyasi laini huzama mguu mmoja polepole na mzee huinama nacho. Asiwekwe karibu na spika wala njia ya nyaya za jenereta. Mkiondoka usiku, mmulikie njia kwa tochi ya simu, taa za mapambo hazioneshi mashimo.

Na mwambie mhudumu mapema kwamba mama hatapanga foleni ya chakula. Huwa tunawapelekea wazee sahani walipo, mradi tujue wamekaa wapi.