Huhitaji Cheti cha Filamu Kusema Muvi Imekuchosha

Wiki hii binti mmoja wa Iringa kaniandikia: "Dada, natamani kuandika maoni yangu kuhusu muvi na komedi, ila naogopa wataniuliza nimesomea wapi." Mdogo wangu, swali hilo nimeshaulizwa, tena kwa simu, tena kwa ukali.

Nilikuwa nimeandika kuhusu muvi moja ya hapa nyumbani. Kuna mama analetewa taarifa kwamba mwanawe amefariki. Yule mwigizaji anaijua kazi. Alikaa kitandani, akaukunja upindo wa khanga, akaukunjua, akaukunja tena, hasemi kitu. Wangemwachia ukimya wake, sebule nzima ingelia. Mara kikaingia kinanda, kikapanda mpaka hata alipofungua kinywa hatukusikia anasema nini. Nikaandika kwamba kinanda kimemwibia mama kilio chake.

Jioni mtayarishaji akanipigia. Kuhusu kinanda hakubisha hata neno. Alichotaka kujua ni nimesomea wapi, na mimi ni nani hata niwaharibie watu riziki. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu ile muvi niliinunua kwa hela yangu, na mwigizaji wake nilimsifu kuliko walivyomsifu wao wenyewe.

Sikuacha. Ya katikati nayaruka, ni kuandika tu. Baadaye mwigizaji mwingine alinitumia ujumbe kwamba mwongozaji wao aliwasomea makala yangu kabla ya kuanza kurekodi. Hilo najivunia, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: onyesha mahali. "Muvi mbovu" si maoni. Sema ni wapi ilipokuchosha, nani alikuwa anaongea, ukasikia nini.

Na ukisifia, onyesha mahali vilevile. Mzee Majuto, yule mchekeshaji wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, kila mtu anasema alikuwa anachekesha. Sawa, lakini vipi? Mimi namwona anachekesha zaidi pale anapokasirika, maana hasira yake anaimaanisha. Haombi kicheko kwa mtu. Joti naye, tangu enzi za kipindi cha Ze Comedy pale EATV, akiigiza kibibi anakuwa kibibi kweli, mgongo na sauti, wala hageuki kutazama kama tumecheka. Siku hizi mtu anavaa gauni, anapaka rangi ya mdomo, basi kamaliza. Gauni peke yake halichekeshi, jamani! Na kumcheka kilema au mtu mwenye kigugumizi ndiyo kabisa, huo ni uvivu wa kuandika.

Au chukua Vuta N'kuvute, ile muvi Amil Shivji aliyoitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikatoka 2021. Wengi waliishia kusema "picha safi". Ni safi, sikatai. Mimi kilichonishika ni kwamba watu wa mle wanazungumza Kiswahili chao cha Unguja, na hakuna anayewageuza waongee kama wasoma habari. Unaona? Hapo nimeonyesha mahali.

Jambo jingine, tazama mpaka mwisho, simu ukiwa umeiweka mbali. Kisha andika usiku huohuo, kabla hujasoma wenzako wamesema nini.

Tunaambiwa tuunge mkono vya nyumbani. Mimi naunga, nalipia king'amuzi kila mwezi kama wengine. Lakini kuunga mkono si kupiga makofi tu. Anayempenda msanii atamwambia pale alipoteleza, kwa adabu, bila kumtukana wala kuingilia ndoa yake. Tumekuwa watu wa kuchambua nani kaachana na nani, na kazi yenyewe hatuigusi. Tubadilike. Waigizaji wetu wanastahili watazamaji wanaowatazama kweli, na ninyi wasichana mnaotazama kila usiku mna haki ya kusema kuliko hata wanaolipwa kusifia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Iringa, usinitumie orodha ya muvi unazozipenda. Chagua komedi moja uliyoiona wiki hii, uniandikie aya mbili tu: ni tukio lipi hasa lililokuchekesha, na aliyekuwepo alifanya nini na mikono yake.