Kwa anayeanza kusoma historia ya makanonesi

Makanonesi walikuwa wanawake walioishi pamoja kwa kanuni na sala, mara nyingi bila nadhiri za daima. Wengi wanaoanza huwahesabu wote kuwa wamonaki wa kike, kwa kuwa waliimba Sala za Vipindi (sala za saa maalumu za siku) kanisani na kuongozwa na abesi, yaani mama mkuu wa nyumba. Usiende haraka hivyo. Kwa kila nyumba unayoichunguza, tafuta kwanza mambo matatu: je, waliweka nadhiri za daima? Mali ya kila mmoja ilibaki kuwa ya nani? Je, mtu aliweza kuondoka akaolewa?

Anzia Aachen, mji wa Ujerumani, mwaka 816, chini ya kaisari Ludoviko Mcha Mungu. Kanuni ya makanonesi iliyotolewa pale isome yenyewe, maana muhtasari huificha nusu ya utamu wake. Kanonesi aliruhusiwa kubaki na mali yake, akimkabidhi msimamizi kwa hati. Aliweza kuwa na nyumba yake ndani ya ugo, na watumishi. Hata hivyo alipaswa kula na kulala pamoja na wenzake. Chakula nacho kilipimwa: ratili 3 za mkate kwa siku, na ratili 3 za mvinyo pale unapopatikana. Vipimo hivyo viliwakera wanamageuzi wa Kanisa huko Roma mwaka 1059. Ukilijua hilo, hutashangaa Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Laterano II, mwaka 1139, ulipowakemea wanawake waliojiita watawa bila kufuata kanuni ya Benedikto, Basili wala Augustino.

Waliopokea Kanuni ya Augustino pamoja na nadhiri ni kundi jingine kabisa. Waandikie faili lao. Huko Ujerumani, nyumba za mabinti wa makabaila kama Quedlinburg, Gandersheim na Essen ziliendelea na desturi yao ya zamani. Hrotsvit, aliyetunga tamthilia za Kilatini karne ya 10, alikuwa kanonesi wa Gandersheim, ingawa mara nyingi huandikwa kuwa Mbenedikto. Na usifunge habari za Quedlinburg kwenye Matengenezo ya Kiprotestanti: iligeuka ya Kilutheri, ikaendelea kuwa na abesi hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa wanaopekua kumbukumbu za misioni za Kongo: masista wa shirika lililoanzishwa na Marie Louise De Meester, India, 1897, zamani waliitwa Makanonesi Wamisionari wa Mt. Augustino. Jina hilo lilibadilishwa baadaye, wakawa Wamisionari wa Moyo Safi wa Maria. Tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo miongo mizima itakupita.