Chevrolet ya 1950, presha ya oili 14: injini imekwisha?

SWALI: Fundi, niko Ohio. Nimenunua pikapu ya Chevrolet 3100, kadi inasema ni ya 1950, na injini yake ya silinda sita haijawahi kubadilishwa. Nikiwa barabarani mshale wa presha ya oili unasimama kwenye 14 (pauni kwa inchi ya mraba). Nikisimama na injini inanguruma taratibu unashuka mpaka 5 hivi. Fundi wa hapa anasema injini imekwisha, niing'oe niweke V8, injini ya silinda nane. Nifanyeje?

JIBU: Usiing'oe kwanza, ndugu yangu. Hebu tazama geji yenyewe kwenye dashibodi: imeishia 30. Fundi wako amezoea injini zinazosoma 50 au 60, ndiyo maana 14 inamtisha. Kwa injini hii, 14 ni presha ya kawaida.

Hiyo ni 216, yaani inchi za ujazo 216 au kama lita 3.5, yenye nguvu ya farasi kama 90. Pampu yake hupeleka oili kwa presha kwenye beringi kuu za krenki na kemshafti (shafti inayofungua valvu), lakini konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenki, hazipati oili kwa njia hiyo. Kila konrodi ina kijiko chini yake, na ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kuna vihori vilivyojaa oili. Krenki ikizunguka, vijiko vinachota. Mwendo ukiongezeka, nozeli ndogo zilizomo humo humo hurusha oili na kuvipiga vijiko hivyo. Kwa hiyo geji haikuambii chochote kuhusu hali ya konrodi. Sikio lako ndilo litakalokuambia: tembea maili 40 kwa saa, kisha achia mafuta taratibu. Ukisikia mgongano mwepesi wa haraka-haraka, beringi ya konrodi imelegea.

Hata hapo, kulegea si kufa. Beringi zake ni madini laini yaliyomiminwa ndani ya konrodi yenyewe, na nafasi yake hurekebishwa kwa kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Ukifungua sampu kwa kazi hiyo, safisha vihori na uhakikishe nozeli hazijaziba wala kupinda. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu injini.

Kinachoiua 216 ni barabara kuu. Difu ya 3100 ni 4.11, yaani propela shafti huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, hivyo kwenye maili 60 injini inakaribia mizunguko 3,000 kwa dakika. Ilibuniwa kubeba mazao na kuni kwenye njia za mashambani. Mimi ningekaa maili 45 hadi 50. Na usidhani utabadilisha difu kirahisi: propela shafti imefungiwa ndani ya bomba lililoshikana na difu. Shafti ya wazi ilikuja kwenye toleo la kwanza la 1955, la mwisho la umbo hili.

Umbo lenyewe lilitoka 1947, wakati saluni za Chevrolet zilikuwa bado na bodi za kabla ya vita. Hizo zilisubiri mpaka 1949. Wabunifu walianzia kabini, wakaipanua watu watatu wakae vizuri, na wakaiwekea njia za kuingiza hewa safi. Kwa macho yangu, ile grili ya mbele yenye vyuma vitano vilivyolala ndiyo nzuri kuliko zote walizowahi kuweka kwenye pikapu. Ya 1954, yenye nguzo nene katikati, sijaizoea hadi leo.

Hakikisha pia mwaka, maana makaratasi ya magari haya hudanganya. Ya 1950 ina tangi nyuma ya kiti na kioo cha mbele cha vipande viwili. Ukikuta vidirisha vya pembetatu mlangoni, ni ya 1951 au baadaye. Vitasa vya kubonyeza vilianza 1952. Mwisho, soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku karibu na distribyuta. Kuna waliobandika 235 ya 1954, injini kubwa zaidi ya silinda sita, inayopeleka oili kwa presha hadi kwenye konrodi. Ikiwa ndiyo uliyonayo, basi fundi wako ana haki ya kuogopa 14.