Foo wili inapogoma kutoka: pima matairi kwanza

SWALI: Pikapu yangu ya zamani ina foo wili (magurudumu yote manne kuvuta) ya kuingiza kwa mkono. Mbele nimefunga matairi ya 265/70R16, nyuma 235/85R16. Nikitoka kwenye tope na kukanyaga lami, usukani unakuwa mzito na foo haitoki. Nifungue transifa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma)?
Msomaji, Makete

JIBU: Usifungue! Tairi la nyuma lina kimo cha takriban milimita 806, la mbele 777. Ukiingiza foo, propela shafti mbili (vyuma vinavyopeleka nguvu mbele na nyuma) hufungwa zizunguke sawa, ilhali tairi dogo linadai mizunguko zaidi. Kwenye tope matairi huteleza na mvutano unaisha. Kwenye lami haupati pa kutokea, unabana gia.

Nyoosha usukani, rudi nyuma polepole mita 3 hadi 5, kisha toa foo. Ikigoma, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Kaa mbali nalo, linaweza kuzunguka ghafla.

Dawa ni matairi manne ya saizi moja na yaliyolika sawa. Hata saizi ikilingana, kashata (vinundu vya tairi vinavyokanyaga barabara) za kina cha milimita 10 na za 3 zinatofautisha kimo kwa milimita 14, hivyo pima mzingo wa kila tairi kwa kulizungushia tepu. Na kwenye lami kavu foo itoke daima, maana kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri zaidi.