Mwanangu, igeuze kwanza

Mwanangu Khalfan, salamu zako nimezipata na ile sauti nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikamuwekea dada yako naye asikie. Unasema huyo mzee mwenye duka hapo Muscat katundika ukutani bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili, na kila ukienda kununua mkate anakwambia hii ndo bendera ya kweli ya Zanzibar, hiyo yenu ya buluu nyeusi kijani ya juzi tu. Na weye unaniuliza mie ipi ya kweli. Dakika nne nzima unaniuliza, kama nimesomea historia. Mie fundi cherehani, baba.

Haya. Kwa hesabu ya miaka huyo mzee hajakosea sana. Ile ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu haina kitu ndani, na hiyo nchi uliyopo nayo ilikuwa na nyekundu tupu vile vile mpaka 1970, ukoo mmoja wale. Ya karafuu ikaja tarehe 10 Disemba 1963 Muingereza alipotuachia, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi. Hesabu mwenyewe. Siku 33! Mie nimewahi kukaa na gauni la bi harusi zaidi ya hapo. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja tu juu ya bendera ile, anasema "Karafuu mbili? Mie nimechambua magunia." Maana karafuu zenyewe nyingi za Pemba, na vidole vyake mpaka anakufa vinanukia makonyo.

Lakini bibi yako huyo huyo, na hili sijui kama nilishakuhadithia, babu yako aliniletea kibendera cha karatasi cha karafuu, mie miaka saba, nikawa nalala nacho, na baada ya Mapinduzi usiku mmoja bibi kakichukua kakitia kwenye seredani bila kusema neno, akaendelea kupepea makaa. Nimelia wiki. Si kwa siasa, siasa nilikuwa naijulia wapi, nalilia zile karafuu za manjano.

Basi zikaja rangi za ASP, chama cha Afro-Shirazi, buluu nyeusi kijani, nazo hazikukaa peke yake sana, tarehe 26 Aprili mwaka huo huo tukaungana na Tanganyika, na wenzetu walikuwa na kijani na nyeusi na michirizi ya manjano, zikachanganywa ikawa hii ya Muungano iliyokwenda mshazari. Watu wanasema kilichotoka kwetu pale ni buluu, na mie nasema hivo hivo siku zote, buluu yetu ile. Ila nikikaa peke yangu najiuliza, kwani nyeusi na kijani sisi hatukuwa nazo? Tulikuwa nazo. Basi kwa nini tudai buluu tu? Labda kwa ajili ya bahari. Skuli walikukaririsheni kijani ardhi, nyeusi watu, manjano madini, buluu maji, sina ugomvi na hayo. Lakini unanijua, mie neno langu lile lile, usiniambie rangi ina maana gani, niambie nani kaishona.

Na hapo ndo nataka kufika. Miaka arobaini Zanzibar hatuna bendera yetu peke yetu mpaka 2005, zama za Karume mtoto, ndo ikarudi buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na ya Muungano ndogo imekaa kwenye pembe ya juu upande wa mlingoti. Na unaikumbuka ile kazi iliyokuja nyumbani, huwezi kuwa umeisahau, ulikuwa la saba. Bendera 12 za ofisi moja, siitaji, unaijua.

Bendera kubwa mchezo, vipande vitatu unaunga, unapinda pindo, umemaliza. Balaa ni pale kwenye pembe. Kipande kama mto wa mtoto mchanga na kila kilichomo ndani kimekwenda mshazari, na kitambaa ukikikata mshazari kinavutika, ukikipitisha kwenye cherehani kinajikunja kama sikio la mbuzi, halafu hiyo michirizi ya manjano huku na huku ya nyeusi upana wa kidole tu, ukiteleza kidogo imeliwa na mshono. Nimepiga siku tisa. Miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani. Lakini zilitoka nzuri Khalfan, mpaka baba yenu ambaye hasifu kitu kapita kasema mm.

Akaja yule bwana na koti lake na peni mfukoni, gari nje inaunguruma, kashika mchoro mkononi. Kachomoa moja kutoka kwenye fungu, kaitandaza juu ya meza, katazama mchoro, katazama bendera. "Mama, umeshona kinyume. Hapa mistari inapanda, yako inashuka. Na hiki kidogo kikae kushoto, wewe umekiweka kulia." Nikatazama, kweli, inashuka. Kweli, kulia. Moyo ukanitoka. Nikasema samahani mheshimiwa, nitarekebisha. Kasema kesho saa sita.

Baba yenu usiku akanambia mpe hizo hizo, yule haoni. Mie nikamjibu vibaya, unakumbuka, nikamwambia yeye anajua nini kuhusu kushona, mtu wa ofisi na mchoro anao atakosea vipi. Umeme umekatika, koroboi ile inatoa moshi, nafumua. Kumi na moja nimefumua, nikavigeuza vile vipande vya pembeni nikavihamisha upande wa pili, mishono ya ndani ikawa ya nje, kazi ya aibu. Imebaki moja. Weye ukaamka kwenda chooni, ukaichukua ile moja, ukaiinua mbele ya dirisha kunaanza kupambazuka, ukasema, "Mama hii mbona iko sawa?"

Iko sawa. Alikuwa kaitandaza kifudifudi! Kaangalia mgongo wa bendera. Bendera si ina nyuma na mbele, ukiitazama kwa nyuma cha kushoto kitakuwa kulia na kinachopanda kitashuka, hata kanga ina upande wa ndani na wa nje jamani, na mie mwenye miaka ishirini na tano kwenye cherehani sikusema neno moja tu, igeuze. Neno moja. Nilicheka nikalia, ukanishangaa, ukadhani nimepatwa.

Nikafumua tena zote kumi na moja nikarudisha kama mwanzo, skuli hukwenda siku ile, ulikuwa unanitungia uzi kwenye sindano. Saa sita kaja, safari hii kaitandaza uso juu kwa bahati yake. Kasema, "Umeona sasa? Ndivyo inavyotakiwa." Na mie nikajibu, ndiyo mheshimiwa. Nikajibu hivo! Na pesa kakata kidogo ati nimechelewesha.

Polista haisahau sindano, baba. Ukifumua matundu yanabaki. Kwa hiyo kumi na moja zina matundu pembeni mwa mshono na moja haina, na mie miaka mingi nilikuwa nikipita mjini nikiona bendera inapepea natazama pembe, naitafuta ile moja. Zishaoza zote sasa hivi, jua la hapa na chumvi hazimwachi mtu. Lakini bado natazama.

Sasa ipi ya kweli. Nilitaka kukujibu, nimeandika jibu nimelifuta mara mbili. Nikisema ya huyo mzee, namkosea babu yako mdogo ambaye unajua alikuwa wapi siku ya Mapinduzi. Nikisema hii yetu, namuona mtoto wa miaka saba anatazama seredani. Na bendera ya siku 33 ni bendera pia, mbona mtoto akiishi siku 33 tunampa jina na kaburi. Lakini tena, yenye watu wanaoiapia leo ni hii, na mie hii nimeitoa jasho. Unaona unakonipeleka? Ninalo jibu moyoni, silisemi, nina majirani.

Ila nifanyie kitu. Ukienda tena kwa mkate, muamkie huyo mzee kwa heshima, umwambie mama yangu ni fundi anaomba niigeuze bendera yako kidogo niitazame nyuma. Nataka kujua zile karafuu zimedariziwa au zimechapwa tu, na kama zimedariziwa uzi kaumalizia vipi. Nipigie picha karibu, na mwanga, si kama ile ya pasi yako. Na muulize nani kaishona. Kanzu yako tayari, nimeongeza kidogo kifuani maana kwenye picha naona umenenepa, mtoto wa Bi Mwanaisha anasafiri Alhamisi nitampa.