Protini bila maziwa ukiwa unanyonyesha

Pole, mama. Umeacha kunywa maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya tumbo la mtoto na sasa njaa haikuachi, nimepitia hayo. Lenga kama gramu 70 za protini kwa siku. Yai moja lina 6 hivi, kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15, gramu 100 za kuku au samaki zaidi ya 20. Mimi nilichemsha mayai jioni, kisha saa nane usiku, mtoto yuko titini, namenya kwa mkono mmoja (utazoea!). Soya ni nzuri, ila baadhi ya watoto wasiopatana na maziwa ya ng'ombe huikataa pia. Kwenye pakiti, ukiona "kaseini", hayo ni maziwa. Kalsiamu ndiyo husahaulika: muulize daktari kuhusu vidonge. Choo cha mtoto kikiwa na damu au uzito wake usipopanda, mpeleke hospitali mara moja.