Mbona "oud" ya kupuliza hainuki kama udi wa chetezo?

Hujauziwa feki, ndugu. Ni vitu viwili tofauti. Udi unaoufukiza ni mti wa Aquilaria ulioshambuliwa na kuvu, ukatoa utomvu mweusi wa kujikinga. Marashi mengi yaliyoandikwa "oud", hasa tangu manukato ya M7 ya kampuni ya Yves Saint Laurent yatoke 2002, yana mafuta ya udi huo kidogo sana au hayana kabisa: harufu imeundwa maabara, ikachanganywa na waridi, zafarani au harufu ya ngozi. Sababu ni bei, na pia biashara ya Aquilaria zote inadhibitiwa tangu 2005 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Hata mafuta halisi hayanuki kama moshi. Vipande vya udi vikilowekwa majini kwa wiki kadhaa kabla ya kukenekwa (kuchemshwa ili mvuke wake ukusanywe), mafuta hutoka na harufu ya zizi la ng'ombe. Usiyatupe! Paka tone moja kwenye kifundo cha mkono, usisugue, subiri nusu saa.

Na kama wa chetezo nao unanuka mbao iliyoungua, moto umezidi. Ngoja makaa yavae jivu jeupe kote, ongeza jivu kidogo juu, ndipo uweke kipande cha ukubwa wa ukucha. Utomvu unatakiwa utokote taratibu pembezoni. Moshi ukiwa mzito na wa kuwasha macho, kiondoe. Udi wa kupika kwa sukari unataka moto mdogo zaidi, maana sukari huungua kwanza na kufunika harufu yote.